Nyumba Pacha ya Korogwe

Cheti chetu kimetundikwa sebuleni, juu ya televisheni, na hakuna mgeni anayeonja chai yangu kabla hajakisoma: Kaya ya Kulinganishia, miaka tisa bila dosari.

Siku hizi sheria haipiti nchi nzima kabla haijajaribiwa kwenye nyumba pacha. Wenzetu wa Korogwe, ambao hatujawahi kuwaona, wanamchagua diwani kwa sheria mpya. Sisi wa Muheza tumebaki na ya zamani. Mengine yote lazima yafanane, ili tofauti ikitokea ijulikane imeletwa na sheria. Waliponunua friji, nasi tukaletewa. Baba wa kule alipoacha sigara, mume wangu Sekiete aliacha siku hiyohiyo, na wala hakununa. Niambie, ni nyumba ngapi zingeweza?

Jana mtafiti wetu, Bwana Mhando, alikuja na faili lake. Kwa mara ya kwanza alikataa chai.

“Mama Nasra, wenzenu wamefiwa. Binti yao mkubwa.”

“Innalillahi,” nilisema. Kisha nikakitazama cheti. “Kwa hiyo hatufanani tena?”

“Mnaweza kufanana. Nasra ahamie kwa shangazi yake, jina lake tulifute kwenye kaya. Ila asirudi, hata sikukuu.”

Nasra, binti yetu mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni, kashasikia yote. Hakulia, tumemlea vizuri. Alimgeukia mgeni kwa adabu.

“Samahani, mzee. Na kitanda cha huyo binti yao, wenzetu wamekitoa au wamekiacha?”