Hema la Ganda Gumu

Jozi mbili za viatu zilikuwa chini ya ngazi, katikati ya duka: raba za kike, na makubazi ya kiume yaliyolaliana kama yamechoka. Wenyewe walikuwa juu, ndani ya hema lililofungwa kwenye paa la gari la maonyesho, na walikuwa wanabishana.

"Sogea kidogo, baba. Kiwiko chako kinanichoma."

"Kiwiko changu kiko kwangu. Ni huo mkoba wako uliouweka katikati kama mpaka wa shamba."

Muuzaji alisimama chini na katalogi mkononi, akatabasamu peke yake. Siku ya tatu sasa yeye na mumewe hawasemezani, kisa bomba la jikoni linalovuja. Mazungumzo yote nyumbani yalipitia kwa binti yao wa miaka saba: mwambie baba yako chakula kiko mezani, mwambie mama yako nimeshiba. Na hawa hapa, watu wazima wenye mvi zao, wanagombea godoro kama watoto.

Walikuwa wameingia saa nne asubuhi, mzee akimshikia mama mlango.

"Karibuni. Mnatafuta hema la gari?"

"Ndiyo," walijibu kwa pamoja, na tangu hapo hawakukubaliana tena juu ya lolote.

"Gari lina keria imara ya kubebea?" aliwauliza.

"Linayo," alisema mama.

"Halina, itabidi ifungwe," alisema mzee.

Muuzaji aliinamisha uso asionekane anacheka. Kila nyumba ina mtu mmoja anayelijua gari, na mwingine anayedhani analijua.

Alianza na hema la turubai. Pana, jepesi, ila lina vyuma vya kupachika na kamba za kukaza. Mpaka limesimama, umeshatoka jasho. Kisha akawaonyesha la ganda gumu. Unafyatua vibanio viwili, linanyanyuka lenyewe kabla chai haijapoa. Wote wawili walinyoosha mkono na kuligusa kwa wakati mmoja.

"Hili limebaki moja tu," muuzaji alisema. "Mengine yataingia baada ya miezi mitatu."

Ndipo walipovua viatu.

Sasa sauti ya mama ilitoka hemani, imetulia. "Mimi nilipostaafu ukunga nilijiahidi kitu kimoja. Niamke kando ya ziwa, pasiwe na mtu wa kunigongea mlango."

"Ziwani mbu watupu. Usingizi uko milimani."

"Na aliyekualika ziwani ni nani?"

Mzee alicheka mpaka gari likayumba.

"Lile la turubai ndilo la watu kama wewe," mama aliendelea. "Watu wa subira na kamba."

"Nimefundisha udereva miaka ishirini na sita. Subira yangu yote imebaki kwa wanafunzi. Na safari zangu zote nimelala chini, kwenye mkeka. Mke wangu hajawahi kulalamika."

"Hajalalamika kwa sauti."

"Hilo nalo neno," mzee alisema taratibu.

"Na ngazi je? Hayo magoti yataiweza?"

"Magoti yangu hayajakuomba ushauri."

Muuzaji alirudi kaunta, akatoa simu. Aliandika, akafuta, akaandika upya: *Nimekosa kuhusu bomba. Jioni tulitengeneze wote.* Kabla hajairudisha simu mfukoni, jibu likaingia: *Mpira wake nilishanunua tangu juzi. Nilikuwa nasubiri useme neno.* Aliusoma ujumbe mara mbili, akajifanya anapanga majiko ya gesi kwenye rafu mpaka macho yalipokauka.

Aliporudi, mzee alikuwa ameshatangulia kushuka, amekamata ngazi kwa mikono miwili.

"Niache, nashuka mwenyewe," mama alisema.

"Sijakushika wewe. Nimeshika ngazi."

Mama akashuka, mguu mmoja baada ya mwingine, akakaa kwenye kiti cha kukunja na kuvaa raba zake. Mzee hakuvaa kiatu hata kimoja. Alizunguka gari akiwa peku, akafyatua kibanio, akakirudisha, akapiga ganda la hema kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji. Akaligeukia la turubai kule pembeni, akalitazama, akaguna.

"Basi linachukuliwa?" muuzaji aliuliza.

"Linachukuliwa," mama alisema bila kuinua kichwa, anafunga kamba ya kiatu.

Mzee alimtazama mama, akalitazama hema, akamtazama tena mama, sasa kwa muda mrefu kidogo kuliko hema.

"Linachukuliwa," naye alisema.

Muuzaji alihisi kifua kimekuwa chepesi. Wiki tatu dukani, na hili ndilo hema lake la kwanza kuuza. "Ahsanteni sana," aliwaambia. "Hamjui tu, leo mmenifundisha jambo kubwa."

Wote wawili walimkodolea macho wasielewe.

Akafungua kitabu cha dhamana, akakiweka sawa juu ya kaunta, akachukua kalamu. "Dhamana ni ya miaka mitano, na inaandikwa jina la mtu mmoja. Niandike la baba au la mama?"

"Andika la mama," alisema mzee, akivaa makubazi yake. "Amenishinda kwa haki."

Kisha akavua kofia, akamgeukia yule mwanamke. "Kwani, mama, unaitwa nani?"