Kidole cha Ibtihal

Daktari Ibtihal alibonyeza kwa kidole kimoja tu, chini kidogo ya goti, na msichana yule akapiga ukelele uliowanyamazisha wagonjwa wote wodini.

"Usaha umo ndani ya mfupa," alisema.

Bingwa wa upasuaji, aliyemfundisha udaktari hapo hapo mjini Sohag, aliinua picha ya eksirei dirishani. "Mfupa mzima huu, binti. Au macho yako yanaishinda mashine?"

"Picha huchelewa hata siku kumi kuonyesha ugonjwa wa mfupa, Profesa. Homa ina siku tano, na sindano za tangu juzi hazijaishusha. Tukiingoja picha, mfupa utakuwa umeshaoza."

Mama wa mtoto akadakia. "Msikilize huyo, bwana! Ninyi wengine mmeangalia makaratasi tu. Yeye ndiye aliyemgusa mwanangu."

Mchana huo huo msichana alilazwa mezani, akapewa dawa ya usingizi. Bingwa akatoboa mfupa pale pale Ibtihal alipotia alama ya wino. Usaha mzito wa manjano ukafoka, ukamchuruzikia kwenye glavu.

Bingwa akarudi nyuma hatua moja.

"Njoo umalize, Daktari. Mgonjwa ni wako."

Ibtihal akasogea mezani, kifua mbele.