Matone Kumi

Bi Msimu alikuwa amepikia harusi za mji mzima bila kupima chumvi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Adhuhuri hiyo alimpelekea jirani yake Zaituni, fundi cherehani, chupa ya dawa ya moyo ya mjukuu wake Tunu, amsomee karatasi yake ya Kiingereza.

“Matone kumi, *exactly*,” Zaituni alisoma.

“Hilo la mwisho ndiyo nini?”

“Kumi kamili, bibi. Kama ninavyokata kola: hakuna kuzidi, hakuna kupungua.”

“Kha! Mbwembwe zote hizo kwa mtoto mdogo?”

“Si mbwembwe. Hapa wanasema yakizidi, moyo unaweza kusimama.”

Bi Msimu akainyakua chupa. Asubuhi alikuwa ameimimina dawa hiyo kwenye kijiko kwa jicho tu, kisha akaongeza kidogo, kama afanyavyo na chumvi.

Alifika nyumbani bila viatu. Tunu alikuwa amelala chali mkekani, kimya. Bibi akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kifua kile chembamba, kiganja ambacho maisha yake yote hakikuwahi kuhesabu kitu.

“Moja,” akasema, akangoja.