Muhula Mmoja Tu

Mwenyekiti wa shirika la kusomesha watoto alikuja kukagua ofisi yao mpya inayojengwa. Bodi ilipokata shauri karo zisubiri muhula mmoja ili jengo liishe, yeye ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono.

Msichana mwenye ndoo ya zege kichwani akampisha. Saruji ilikuwa imemkaukia kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sura yako si ngeni?"

Msichana akatua ndoo, akacheka. "Si niko kwenye kalenda yenu, ile ya wafadhili?"

"Na shule?"

"Mlisema tusubiri. Nikaona nisikae bure."

Akainama kujitwisha. Mwenyekiti akanyoosha mkono amsaidie, akachelewa.

"Pole pole hapo, mama," msichana akamwambia. "Zege bado bichi, utaharibu viatu."