Kisemeo cha Bi Mgeni

Tangu ipitishwe amri kwamba aliyepooza ulimi asemewe na kifaa kiitwacho kisemeo, hakuna tena aliyehangaika kumtazama Bi Mgeni mdomoni. Kisemeo kilimning'inia kifuani kama hirizi. Kilifunzwa usemi wake kwa rekodi za harusini, na huko harusini, jamani, bibi yule hakuwahi kusema la maana hata moja, ni utani mtupu.

Mjukuu wake Mwatime akaja na kidonge cha presha. Hakujua kuwa mama yake alishampa bibi kingine kabla ya kutoka, na daktari alionya kwamba viwili vitamlaza asiamke.

"Mm... sha... me..." Bi Mgeni alijikamua aseme ameshameza.

"Mke mwenzangu huyu anataka kuniua abaki na mume!" kikasema kisemeo.

Mwatime akacheka hadi akashika ukuta. "Babu mwenyewe hana hata jino! Nikuue kwa lipi? Haya, fungua mdomo."

Bi Mgeni akatikisa kichwa, akabana midomo, machozi yakimlengalenga.

"Acha maigizo yako, bibi." Mwatime akamshika kidevu taratibu.

Pale kifuani, kisemeo kikaangua kicheko kirefu cha Bi Mgeni mwenyewe, cha enzi zake.