Wote Wameitika

Shimo lilipobomoka, wengine walikimbilia sepetu. Celina alikimbilia daftari la mahudhurio.

"Simameni hapo hapo!" alipaza sauti. "Asiguse mtu udongo kabla sijaita majina."

Vibarua wakajipanga ukutani, midomo bado imejaa ebitoke, ndizi za kupikwa. Walikuwa ndani ya nyumba ambayo haijakwisha kujengwa, wanakula pamoja naye, redio inanguruma, ndipo wakasikia kishindo. Walipotoka, shimo la choo walilolichimba wiki nzima pale Kishanda lilikuwa limejifunga kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Hata ngazi haikuonekana.

Celina akaita. Kagaruki akaitika. Philbert akaitika. Najibu akaitika. Lameki, msimamizi wao, akawa wa mwisho. Hakuna jina lililokosa mwenyewe.

"Mnaona?" Celina akalipigapiga daftari. "Mwaka jana tungekuwa tunalia hapa, hatujui hata tunamlilia nani."

Mwaka jana kampuni yao ilikaribia kufa. Mumewe, Kahangwa, Baba Joyness kama vibarua walivyomwita, alikuwa fundi hasa, lakini hesabu zake zilikaa mifukoni, na suruali ikifuliwa hesabu nazo zinakwenda na maji. Kiwanja chao cha Nyanga kiliuzwa kulipa madeni. Ndipo wakaenda semina ya makandarasi wadogo, na Celina akarudi mtu mwingine. Fedha ya nyumba mbali, fedha ya kazi mbali. Kina cha shimo hakiandikwi kwa mdomo wa mchimbaji, Kahangwa apime mwenyewe. Kitu hakitoki stoo bila saini. Anayechelewa asubuhi haandikwi, na asiyeandikwa halipwi, hata alie damu.

Neno moja tu la mwalimu wa semina alilikataa: kwamba mwenye kampuni naye ajiandikie ujira wake kama wengine. Asubuhi ile, saa chache kabla ya shimo kubomoka, Kahangwa alimkumbusha, tena kwa kitendawili, ndivyo alivyozoea.

"Kitendawili!"

"Tega. Una maneno wewe."

"Anafanya kazi kuliko wote, siku ya malipo hayupo."

"Punda," Celina akajibu, na vibarua wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Umekosa. Nipe mji."

"Mji nitakupa ukirudi. Nenda Bukoba ukalete risiti ya nondo uliyoisahau dukani Miembeni. Bila risiti usinionyeshe uso wako."

Kahangwa naye akacheka, kidogo, akaenda zake.

Sasa Lameki alikuwa anakuna kichwa. "Mama Joyness, waitu," akamwambia Celina kwa heshima ya Kihaya. " Na yule Wilbert?"

Wote wakageuka kulitazama shimo. Wilbert alikuja asubuhi amechelewa, Celina akamfungia daftari. Alibembeleza, akafukuzwa, akaondoka ananung'unika kwamba atafanya kazi hata bila kuandikwa.

"Kama alijipenyeza humo chini..." Najibu hakumaliza.

Celina akalifumbata daftari. Aliona polisi, aliona ndugu wa marehemu wamejaa uani, aliona kampuni inazama mara ya pili na safari hii haiibuki. "Chukueni sepetu," akasema.

Hawajainua hata donge moja, huyo Wilbert anatokea migombani, muwa mkononi, mashavu yamevimba kwa utamu.

"Chakula kimebaki?"

"Maiti inadai maharage!" Kagaruki akapiga kelele, wakaangua kicheko, wengine wakakaa chini kwa kuishiwa nguvu.

Celina akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Kisha akakunja uso. "Haya, imetosha. Fukieni. Tutachimba jingine kule kwenye mibuni."

"Tufukue kwanza, mama," Lameki akasema taratibu. "Hata ngazi tuiokoe. Tena mimi nimesikia kama kitu kinaguna."

"Ni maji yanatafuta njia."

"Yanaguna?"

"Lameki, kufukua ni vibarua vya siku nzima. Utavilipa wewe? Watu wote nimewaita, wote wameitika. Ngazi nitaiandika hasara."

Hata hivyo akampigia mumewe, amwambie. Simu haikupatikana.

"Betri yake kama akili yake," akasema, na kicheko kikaanza upya.

Wakafukia. Wilbert, aliyekwisha kuandikwa nusu siku kwa furaha ya kuwa hai, alipanda juu ya udongo akaushindilia kwa miguu huku anaimba, na wenzake wakampokea. Uliposhikana vizuri, hakuna aliyesikia tena mguno wowote. Celina akaandika: shimo limefukiwa, watu wote wapo, hasara ngazi moja.

Kisha akajiandaa kwenda kwenye mibuni kuonyesha mahali papya. Alipoinua mkono kwenye msumari wa mlango wa stoo achukue futikamba, msumari ulikuwa mtupu.

"Nani kachukua futikamba bila saini?" akafoka. "Lameki?"

"Sijaigusa, waitu."

"Basi kuna mwizi, na leo hatalipwa mtu mpaka aitoe!"

Evelyne mpishi ndiyo kwanza alikuwa anapanda kutoka kisimani, sufuria alizokwenda kuosha ziko kichwani. Akazitua.

"Mwizi gani tena, mama? Kaichukua Baba Joyness. Alishushwa na bodaboda mkiwa ndani mnakula, nikamwambia akale, akasema anawahi kupima shimo, usije ukamgombeza." Akafungua pindo la khanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. "Na risiti yako hii hapa. Kaniachia niishike, isije ikachafuka huko chini."