Dakika Kumi na Mbili

"Dada Hamda, hewa inavuja. Nifunge mlango upi, wa bustani au wa ghala?"

Sauti ya Ghanim ilijaa chumba cha kuongozea chombo, nje kidogo ya mji wa Al Ain. Alikuwa peke yake angani, njiani kwenda Mirihi. Maneno hayo alikuwa ameyasema dakika kumi na mbili zilizopita.

Mama yao, aliyekuja kumsalimia mwanawe redioni kama kila Ijumaa, aliangusha kikombe cha kahawa.

"Mjibu basi!"

"Nikimjibu sasa, Mama, atanisikia baada ya dakika kumi na mbili nyingine."

"Kwa redio yenu hiyo! Tumia mwanga. Si mna ile miale ya leza?"

"Mwanga, redio, eksirei, vyote mwendo wake ni mmoja, Mama. Hakuna kinachompita mwenzake."

"Mwanangu anakosa pumzi huko, sisi tumekaa tu?"

Hamda alikuwa akisoma vipimo, navyo vilikuwa vya dakika kumi na mbili zilizopita. Bustani ya mboga ya chombo ndiyo iliyoonekana kuvuja. Ghalani kulikuwa na mitungi ya akiba ya hewa.

"Dada..." Ghanim tena, ulimi mzito. "Naona mbilimbili. Nani amewasha taa ya baba?"

Ameanza kuweweseka. Mtu wa namna hiyo haachwi achague. Hamda alituma amri moja kwa moja kwenye milango: wa bustani ujifunge, wa ghala ujifungue wazi, na mkono wa mtu usiweze kuuzuia. Akabonyeza, akafunika uso.

Dakika moja ikapita. Spika ikakoroma.

"Dada! Tundu nimeliona, liko ghalani. Nimeufunga mlango wa ghala, hewa imetulia, kichwa kimerudi. Mwambie Mama asilie, natafuna tende zake."

Chumba kikalipuka kwa shangwe. Mzee Khalfan, mkuu wa zamu, alivua miwani akafuta machozi bila kujificha. Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

"Kumbe mdogo wako ana akili kuliko mashine zenu zote!" Akamvuta bintiye mkono. "Hamda? Unafanya nini?"

Hamda alikuwa akibonyeza kitufe cha kufuta amri, tena na tena. Amri ya kufungua ghala ilikuwa imetangulia kwa dakika moja, na hakuna kinachompita mwenzake.